Pampu ya Kibe

Mtaa wa Matisi, mjini Kitale, umejaa watu wanaojua kulima na hawana pa kulima. Gonga mlango wowote utampata mtu aliyekulia shambani, anayeweza kukuambia kwa kutazama mawingu tu kama mbegu iingie ardhini wiki hii au ingoje, lakini yeye mwenyewe anaishi ploti ya vyumba kumi na choo kimoja, na mboga hununua kwa mafungu barabarani. Kwa hiyo Madam Linah, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale mtaani, aliposema kwamba uwanja ulio nyuma ya madarasa, pale palipokuwa pakitupwa takataka, utageuzwa bustani ya wazazi na watoto, watu walifika na majembe kabla hajamaliza kupanga mkutano. Walitoa chupa na nepi za kutupwa, wakachimba matuta ishirini na manne, wakapanda sukuma wiki, managu, terere, saga na kunde. Mboga ziliingia kwenye sufuria ya chakula cha mchana cha watoto, na zilizobaki wazazi waligawana. Somo la kilimo likatoka ubaoni likaenda udongoni, na watoto waliokuwa wakisinzia darasani wakaacha kusinzia.

Nduta alikuwa miongoni mwa wenye majembe. Alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwendo wake wa haraka na mdomo wake wa haraka zaidi. Alizaliwa eneo la mashamba liitwalo Kwanza, binti wa Mzee Ndirangu, aliyetoka Nyeri na jembe moja na Biblia moja akanunua shamba kwa hisa. Halafu akaenda kuolewa na Mbukusu wa Matulo, mwalimu mmoja mrefu aitwaye Mukhisa, zamani hizo ambapo wazee wa pande zote mbili walitikisa vichwa mpaka shingo zikachoka. Wazee walishindwa. Ndoa ilikuwa na miaka thelathini na minane sasa, na mtoto mmoja, Job, anayefanya kazi Mombasa na kupiga simu kila Jumapili.

Lakini nikisema Nduta alikwenda bustanini kwa ajili ya mboga nitakuwa nakudanganya. Alikwenda kwa ajili ya mumewe.

Mukhisa alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na mwandiko wake wa ubaoni walimu wengine walikuwa wakiuonea haya kuufuta. Asubuhi moja akiwa katikati ya sehemu na desimali, chaki ilimponyoka. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Ilikuwa kiharusi. Hospitali walimrudishia mguu, wakamrudishia ulimi, ila mkono wa kulia ulibaki ukining'inia, na mwalimu asiyeweza kuandika akapewa barua ya kustaafu mapema na saa ya ukutani. Ugonjwa ulipotoka ndipo kilipoingia kitu kibaya kuliko ugonjwa. Mukhisa aliketi kwenye kochi miaka miwili. Hakugombana na mtu, hakulia, hakutaka redio. Daktari alisema ni sonona, akatoa vidonge, akasema pia, "Mama, mtafutie kitu cha kufanya." Ni rahisi kusema ukiwa nyuma ya meza.

Kilichomwumiza Mukhisa zaidi kilikuwa ule mkono. Aliamini umekufa, na kwamba kila unachokigusa kinakufa nao. Kikombe kikianguka, alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, na siku hiyo hakusema tena. Nduta, kwa kumpenda, akajizoeza neno moja. Kikombe kikivunjika: "Ni mimi, Mwalimu, nilikiweka ukingoni." Chai ikimwagika: "Ni mimi, nimekijaza sana." Taa ikianguka, mlango ukiachwa wazi kuku wa jirani wakaingia, ni mimi, ni mimi. Alikuwa mkali kwa dunia nzima lakini nyumbani mwake alibeba makosa yote kama mwanamke anayebeba kuni, na hakuna aliyemwambia ayatue. Mukhisa alikuwa akimtazama tu. Mwalimu wa hesabu hadanganyiki kirahisi, lakini alinyamaza, na Nduta alidhani kunyamaza kule ni kuamini.

Siku ya kwanza alimpeleka bustanini kwa hila, akisema anahitaji mtu wa kushika kamba ya kupimia matuta. Mukhisa aliishika ile kamba kwa mkono wa kushoto. Mtoto mmoja wa gredi ya tano, Wangechi, akapanda miche miwili karibu karibu, na mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Wewe, kutoka hapa mpaka hapo ni sentimita ngapi?"

"Thelathini, mwalimu."

"Pima tena."

Ikawa kumi na nane. Watoto wakacheka, Mukhisa akacheka, na Nduta akaenda nyuma ya choo cha shule akalia mpaka akatosheka, kisha akanawa uso akarudi kana kwamba alikwenda kujisaidia tu.

Tangu siku hiyo mtu hakumzuia tena. Alifundisha eneo kwa matuta, asilimia kwa mbegu zilizoota na zisizoota. Dadake, Nasike, alimtumia kutoka Matulo mbegu za mrenda na za saga zilizofungwa kwenye vipande vya kitenge, naye Mukhisa akawafundisha watoto majina ya mboga hizo kwa Kibukusu. Watoto walimwita Mwalimu wa Mboga. Na ule mkono, ndugu yangu, ule mkono uliokufa ukaanza kukunja vidole. Kwanza ulishika kijiti. Baadaye ulishika kopo. Mwezi wa tano alitengeneza samadi ya maji: alizamisha gunia la kinyesi cha ng'ombe kwenye pipa, akakoroga kwa mkono wa kulia kila asubuhi kwa wiki mbili, ukitetemeka lakini ukikoroga. Alhamisi moja akaipima mwenyewe, kopo moja la samadi kwa makopo kumi ya maji, wakaimwagia bustani yote yeye na watoto. Jioni hiyo alirudi nyumbani ananuka ng'ombe na anaimba.

Siku ya wazazi ilikuwa wiki iliyofuata, Ijumaa. Madam Linah alimwomba Mukhisa asimame mbele ya wazazi aeleze bustani. Ingekuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu tangu chaki ilipoanguka. Aliitikia. Akaitoa suti yake ya bluu, akasema ipelekwe kupigwa pasi.

Hapa ndipo Nduta alipozidisha. Mapenzi nayo yana uroho wake. Aliona kunde zina wadudu weusi kidogo chini ya majani, na sukuma wiki ya tuta la mwisho imepauka, akasema hapana, siku ya mwalimu bustani lazima ing'ae. Akaenda agroveti, duka la dawa za shambani, akanunua mbolea ya kunyunyizia majani na kachupa kadogo ka dawa ya wadudu. Akampigia simu kakake, Kibe, mkulima wa mahindi huko Kwanza, amletee pampu ya mgongoni.

Pampu ile ilikuwa ya Kibe kwa jina tu. Msimu wa palizi ilizunguka nyumba sita. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, ikirudi imepasuka mkanda anashona, ikipotea mfuniko wanafunga karatasi ya nailoni. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi kule, na nani atakataa kumwazima jirani pampu wakati magugu yanameza mahindi? Siku hizi wengi hawapalilii kwa jembe. Wanapiga dawa inayoua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi yamesimama. Kwa mkulima wa mahindi ni baraka. Kila kitu shambani mwake chenye jani pana ni adui.

Kibe aliileta Ijumaa jioni kwa pikipiki yake, akija sokoni Kitale.

"Ni safi hiyo?" Nduta aliuliza.

"Si nimeiosha, bana. Hiyo ni safi hata unaweza kunywea maji."

Jumamosi asubuhi Mukhisa alikwenda mkutano wa wanaume kanisani. Nduta akabeba pampu mgongoni, akapita tuta kwa tuta, taratibu, asiache jani. Alitaka iwe siri yake. Alipomaliza aliifunika kwa gunia na kumrudishia Kibe jioni hiyohiyo, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Jumatatu asubuhi walikwenda pamoja. Watoto walikuwa wamesimama kando ya matuta, hawachezi. Kunde zilikuwa zimejisokota shina zima kama mtu amezikamua. Majani ya sukuma wiki yalikuwa yamejikunja ndani. Managu yameinamisha vichwa. Tuta kwa tuta, yote ishirini na manne. Mahindi machache tu yaliyopandwa kuzunguka ua ndiyo yalikuwa yamesimama wima, kijani kibichi, hayana habari.

"Mwalimu, mboga zinaumwa?" Wangechi akauliza.

Mukhisa alichuchumaa. Alilishika jani kwa mkono wa kulia, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akautazama mkono wenyewe.

"Ni samadi," alisema. "Ilikuwa kali. Niliipima mimi."

Na Nduta, ambaye wakati huo hakujua lolote, ambaye angeapa mahakamani kwamba hajui, alifungua mdomo na neno lake la miaka miwili likatoka lenyewe.

"Hapana, Mwalimu, ni mimi. Nilimwaga maji mengi Jumamosi. Nimeyazamisha."

Mukhisa aliliachia jani. Alisimama, akawaambia watoto waende darasani, akatembea kwenda nyumbani bila kofia yake.

Jumanne Madam Linah alimwita afisa wa kilimo, kijana aitwaye Kiptanui. Mukhisa hakuja. Alisema ana usingizi. Kiptanui alivunja shina moja, akanusa, akatazama mahindi ya uani, akatikisa kichwa.

"Hii si ugonjwa. Na hii si samadi. Samadi inachoma kando ya jani, haisokoti namna hii. Mlipiga kitu?"

Nduta alisema alipiga mbolea ya majani na dawa ya wadudu, kidogo tu.

"Na pampu ilitoka wapi?"

Alipotaja Kwanza, kijana hakuuliza tena. Alieleza polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba: ile dawa ya magugu hunata ndani ya pampu, kwenye mpira na kwenye mdomo wake, na kuisuuza kwa maji si kuiosha. Masalio kidogo tu yanatosha. Kila mwaka anaona vitu hivi. Zing'olewe zote, udongo upumzike miezi miwili, wapande tena. "Pole, Mama. Si wewe wa kwanza."

Nduta alijishika kichwa. Kilichomtetemesha hakikuwa mboga. Mboga zingeota. Alikuwa anafikiri juu ya mtu aliyelala nyumbani akiuelekea ukuta, na akafikiri pia, kwa furaha kidogo ya kijinga, kwamba sasa dawa yake imepatikana: ukweli. Angemwambia tu. Alikimbia njia nzima, mama wa miaka sitini na mmoja, watu wa Matisi wakimpisha.

"Mwalimu! Si wewe. Ni mimi. Nilipiga dawa na pampu ya Kibe, ilikuwa na dawa ya magugu, afisa amesema."

Mukhisa aligeuka kitandani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Jana ilikuwa maji mengi," alisema.

"Jana nilikuwa sijui! Jana nilisema tu."

"Ndiyo," alisema Mukhisa. "Unasemanga tu."

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa la hasira Nduta angejua la kulifanya, maana katika ugomvi hakuwahi kushindwa. Alilisema kwa shukrani, na Nduta akabaki amesimama mlangoni na ukweli wake mkononi, hauna wa kumpa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nduta ilikuwa ya miaka miwili na ilijengwa kwa upendo mtupu, lakini nayo ilifika ukingoni.

Alijaribu. Nani hangejaribu? Alimwambia aende ajionee mahindi ya uani, yamesimama kwa sababu dawa ile haiyaui. Mukhisa akasema mahindi hunywa samadi hata iwe kali namna gani, hilo kila mtoto wa Matulo analijua. Akatafuta chupa za agroveti amwonyeshe, akazipata, lakini chupa ni chupa tu. Jioni akamsihi Madam Linah aje. Madam Linah akaja, akaketi, akaeleza yote vizuri kama alivyoyasikia. Mukhisa alimsikiliza hadi mwisho.

"Madam, asante. Mama Job alikuomba uje?"

Madam Linah ni mlokole, hasemi uongo. Akatazama sakafu.

"Aliniomba, mwalimu. Lakini ni kweli."

"Ni sawa, Madam. Nashukuru sana."

Ijumaa, siku ya wazazi ilipita. Madam Linah aliwaeleza wazazi kuhusu pampu na wakasikitika, wengine wakakiri kwamba yamewahi kuwapata. Watu mia moja na zaidi waliamini. Mmoja tu ndiye hakuamini, naye hakuwepo. Suti ya bluu ilining'inia nyuma ya mlango imepigwa pasi.

Wiki mbili alikula vijiko vitatu vitatu. Mkono aliuingiza mfukoni, na hata kulala alilala nao chini ya mwili kana kwamba auzuie usitoke. Watoto walikuja na Wangechi mbele, wakasimama mlangoni, wakasema mwalimu tunakungoja. Aliwauliza hali, akawaambia wasome kwa bidii. Walipoondoka alimwambia Nduta asiwaite tena, wasije wakapoteza masomo kwa kutumwa. Nduta hakuwa amewaita. Alifungua mdomo kumwambia hivyo, akaufunga.

Ndipo Nasike alipokuja kumchukua kakake. Alisema hewa ya nyumbani itamsaidia, na mtu hawezi kupona akitazama ukuta wa kukodi. Wakaenda wote Matulo, kwenye boma la baba yao, penye migomba na miwa na mahindi yaliyofika kifuani. Nasike aliwapokea kwa kuku.

"Kalibu, wifi. Atapona tu. Huyu nimemjua kabla yako."

Asubuhi akampa Mukhisa mbegu za mrenda azirushe kwenye kipande kilicholimwa, kazi ya mtoto. Mukhisa alimwambia azirushe mwenyewe, ili ziote. Nasike alikwenda jikoni, na Nduta alimsikia akizungumza na sufuria kwa Kibukusu kwa muda mrefu.

Nduta alibakiwa na mtu mmoja. Alimpigia Kibe, akamlilia kwenye simu kama hajawahi kumlilia mtu tangu mama yao afe. Kibe naye alikuwa hapati usingizi. Jumamosi akafunga pampu nyuma ya pikipiki, akatoka Kwanza kabla ya jogoo, akapita Kitale na Webuye kwenye mvua, akafika Matulo saa nne akiwa ametota hadi soksi. Hakutaka chai. Aliiweka pampu mbele ya kiti cha shemeji yake, akafungua mfuniko.

"Shemeji, nusa."

Mukhisa aliinama akanusa.

"Ni mimi nilipiga magugu na hiyo kitu siku ya Jumatano. Ijumaa nikamletea dada yangu. Nilisuuza mara moja tu, nilikuwa na haraka. Naapa mbele ya Mungu. Kama kuna mtu wa kulaumu ni mimi, wewe huna hatia hata kidogo, bana." Sauti ya Kibe ilikatika. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amesimama kwenye ua wa watu maji yakimtiririka, na huwezi kujua lipi ni mvua.

Kwa muda kidogo Mukhisa aliitazama ile pampu. Nduta alishika nguzo ya veranda. Aliona macho ya mumewe yakihama kutoka kwenye pampu, yakaenda kwa Kibe, yakaenda kwenye pikipiki iliyojaa matope, na alidhani, alikuwa na hakika, kwamba anafanya hesabu na kwamba hesabu itatoka.

"Shemeji," Mukhisa alisema, "kila pampu ya Kwanza inanuka dawa. Na wewe umetoka huko kote na mvua hii kwa ajili yangu." Alimpa mkono wa kushoto. "Watu wa kwenu wana roho nzuri. Nasike, mpe shemeji nguo kavu."

Kibe alimtazama dadake. Akafunga mfuniko wa pampu. Nasike akaja na shati la marehemu baba yao, akamwongoza Kibe ndani.

Nduta aliketi kwenye kigoda karibu na miguu ya mumewe. Alitaka kumtikisa. Alitaka kumpiga kofi, Mungu amsamehe. Badala yake alishika goti lake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nitazame usoni. Safari hii sikufichi. Ni mimi."

Mukhisa alimtazama usoni, kwa upole ambao Nduta hatausahau, na akampapasa kichwani.

"Najua, Mama Job. Siku zote ni wewe."

Kisha akamwomba amfungie vifungo vya koti, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia.